Upanga Usiochomoka

Jumatano ile asubuhi mke wangu alikuwa akinisumbua juu ya upanga. Haukuwa ugomvi wa kutoana macho. Ulikuwa ule wa nyumbani, wa mtu kutupa neno moja kila anapopita mbele yako na kazi zake.

"Fundi, upanga wa watu," alisema Zaituni alipokuwa akienda kisimani.

"Fundi, upanga wa watu," alisema aliporudi na ndoo kichwani.

Mimi ni sonara. Baba yangu alijifunza kazi ya kufua fedha kisiwani Ibo, akaja hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kuoa, akabaki. Karakana yangu ilikuwa baraza ya nyumba yetu: meza moja fupi, fuawe, jiko la mkaa na koleo za kila namna. Nilifua bangili, pete, vipini vya pua na vikuku vya watoto. Nakiri mapema, msomaji asije akaniona bora kuliko nilivyo, kwamba mimi ni fundi mzuri lakini mvivu wa kurudia kazi. Kazi mpya huniamsha alfajiri. Kazi ya kurekebisha hulala chini ya meza mpaka mwenyewe aje amekunja uso. Upanga wa Kapitau Alfredo ulikuwa umelala chini ya meza yangu wiki tatu.

Habari ya upanga huo ilianzia kwenye mpunga. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa na mashamba upande wa barabara ya Pundanhar. Mpunga uliiva, ukaanza kuinama, na hakuna aliyethubutu kwenda kuvuna kwa kuwaogopa wale. Hatukuwa tukiwataja kwa jina. Tulisema "wale" na kila mtu alijua ni wapiganaji waliojificha porini. Kapitau Alfredo, mkuu wa kikosi cha jeshi kilichowekwa mjini, mtu wa kusini, mrefu, mwenye mwanya, aliisikia habari hiyo akaja na askari sita. Alisimama juani siku tatu wanawake wakivuna. Siku ya mwisho alitundika bunduki begani akamsaidia mama mmoja kubeba gunia mpaka barabarani. Hakuomba hata kikombe cha chai.

Wakubwa wa mtaa wakasema lazima apewe kitu. Watu wa mahali pengine wangefikiria mbuzi. Sisi tulifikiria upanga. Kwetu upanga wa heshima ni wa khatibu: siku ya Ijumaa akipanda mimbari, huushika mkononi ncha ikiwa chini, akauegemea mpaka hotuba iishe. Haukati kitu wala haumtishi mtu. Msikitini kwetu palikuwa na bapa la zamani lililowekwa stoo baada ya khatibu kupata fimbo mpya. Nikakabidhiwa nilitengenezee mpini na ala. Wanawake wa mpunga wakaleta bangili zilizovunjika na hereni zilizopoteza pacha, nikaziyeyusha. Mpini niliuzungushia waya mwembamba wa fedha uliosukwa, kazi ya baba yangu, na ala nikaivalisha pete tano zenye maua. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, kabla wala baada.

Maandishi yalikuwa ya baba mkwe wangu, Mwalimu Athumani. Alifundisha watoto chuoni, Kurani na herufi, kwa miaka mingi kuliko umri wangu, na alikuwa mbishi kupita kiasi. Aliniandikia kwenye karatasi nami nikachonga kwenye fedha ya ala: upande mmoja aya ya Kurani, "Nusura itokayo kwa Mwenyezi Mungu na ushindi ulio karibu"; upande wa pili jina la kapitau na maneno machache ya Kiswahili. Yote kwa herufi za Kiarabu.

"Baba," nilimwambia, "kapitau hasomi herufi hizi."

"Za kizungu anazo tele. Kofiani, garini, mpaka kwenye bunduki. Za heshima hana hata moja. Nchoree hizi hizi."

Nikachora. Sikuona kosa, wala hakuna mwingine aliyeona. Kwetu hizo ndizo herufi za kuandikia jina la mtu unayempenda.

Zawadi ilitolewa kwenye uwanja wa mpira. Wanawake walipiga vigelegele, kapitau akaupokea upanga kwa mikono miwili, akaugeuza kuzitazama pete za fedha. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulitarajia. Jeshini kwao, mtu akipewa upanga huuchomoa na kuuinua mbele ya uso wake. Akashika mpini, akavuta.

Haukutoka.

Akavuta tena. Nilitamani ardhi inimeze.

Ala niliitengeneza kwa mbao mbichi ya mkorosho, kwa haraka, kwa sababu siku ya sherehe ilisogezwa mbele. Mbao ilipokauka ilijibana ikalikamata bapa. Lakini mbao peke yake haikutuaibisha. Upanga ule ulipita mikononi mwa watu wengi kabla ya siku yake. Waliupakata, wakausifu, wakauegemea kama khatibu, na hakuna hata mmoja aliyejaribu kuuchomoa. Upanga wa khatibu hauchomolewi. Wazo hilo halikutupitia.

Kapitau alivuta mara ya tatu, akaacha, akacheka mpaka mwanya ukaonekana. "Esta quer paz," alisema kwa sauti, na karani aliyekuja naye akatutafsiria: huu unataka amani. Watu wote wakacheka naye. Alipopita mbele yangu alinishika bega akaniambia atanitumia niurekebishe. Siku chache baadaye Sarjento Tomé, msaidizi wake, mtu mfupi mwenye macho ya usingizi, akauleta. Na mimi nikauweka chini ya meza.

Jumatatu ya wiki ile Tomé alirudi. Kuna mkubwa anakuja kutoka Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, Jumamosi, alisema, na kapitau anataka kuuvaa. Kwa hiyo Jumatano, baada ya kuambiwa "upanga wa watu" mara nane au tisa, nilikula mchana, nikaswali, nikauweka upanga mezani. Ili kuirekebisha ala ilinibidi nivue pete zote za fedha, niyatenganishe mapande mawili ya mbao na kuyakwangua kwa ndani. Nilikuwa nimeshika koleo niivue pete ya kwanza.

Mlio wa kwanza ulitoka upande wa barabara ya Pundanhar.

Tulikuwa tumezoea milio ya mbali. Huu ulikuwa karibu, na mwingine ukaujibu kutoka upande wa uwanja wa ndege. Watu wakaanza kupita mbele ya baraza yangu wakikimbia bila kusalimiana, na hapo ndipo nilipojua. Palma watu husalimiana hata wakiwa na homa.

Zaituni alitoka ndani amemshika mkono Rehema, binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano. Aliniangalia mimi, akaangalia upanga mezani.

"Uache huo," alisema.

"Wakiukuta hapa watanitafuta."

"Basi tuufukie."

"Kwa muda gani?"

Sitajidai uaminifu. Nilimfikiria kapitau, nilizifikiria bangili za wale wanawake, lakini zaidi niliona uchungu wa kazi yangu. Ningemwacha mtu aung'oe waya ule wa fedha kwa kisu? Nilikuwa mpumbavu, na upumbavu wangu huo ulikuwa ukiwahatarisha watu wawili ninaowapenda kuliko fedha yote ya Ibo. Najua hilo sasa. Wakati ule nilisimama tu nimeukumbatia.

Zaituni hakubishana. Aliingia ndani akatoka na mkeka mpya, mrefu, ambao tulikuwa tumeuweka kwa ajili ya wageni na haujalaliwa bado. Akaulaza upanga ndani, akauviringisha, akaufunga kwa kamba, akajitwisha. Mwanamke mwenye mkeka kichwani hakuna anayemtazama mara mbili. Mimi nikambeba Rehema mgongoni.

Tulipitia chuoni kumchukua Mwalimu. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameitandaza kwenye miimo, na nyuma yake watoto kama kumi wamekaa sakafuni na mbao zao za kuandikia.

"Baba, twende," Zaituni alisema.

"Hawa watoto wa watu. Wazee wao wanakuja kuwachukua. Nkiwaacha, wakija wasiwakute, ntasema nini?"

"Baba, nakuomba."

"Tangulieni. Nkishawakabidhi wote, nawafuata."

Akamshika Rehema kidevu kama kawaida yake. Akaniambia mimi, "Ule upanga ushautengeneza?" Nikasema bado. Akatikisa kichwa. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, na kila nikiyakumbuka naona haya.

Tuliufuata mkondo wa watu uliokuwa ukienda Afungi, kwenye ua wa mradi wa gesi, kwa kuwa kila mtu alisema kule kuna askari wengi. Barabarani hapakufaa. Tulipita mashambani, mikoroshoni, kisha kando ya mikoko ambako tope lilitufika magotini. Usiku tulijibanza kichakani bila moto. Asubuhi tukaendelea, sisi watatu peke yetu, maana wengine walikuwa wametupotea gizani.

Njiani nilikuwa na muda wa kufikiri. Wale walijua kusoma herufi za Kiarabu. Wakiufungua mkeka wangeliona jina la kapitau, na karibu yake alama ya sonara, alama ya baba yangu, ambayo Palma nzima inaijua. Na askari wengi waliotoka kusini hawakujua kusoma herufi hizo, lakini walijua vizuri nani hupeperusha bendera zenye herufi kama zile. Wanaojua kusoma wangeniua kwa jina. Wasiojua kusoma wangeniua kwa herufi.

Nilimwambia Zaituni tuutupe kwenye mikoko.

"Sasa?" alisema. "Nimeubeba tangu jana, sasa?" Hakusimama.

Tulitoka kwenye vichaka tukawakuta vijana watatu wamekaa kwenye gogo.

Walikuwa na bunduki. Mmoja alikuwa akila muhogo mbichi.

"Simameni."

Tukasimama.

"Mnakwenda wapi?" Yule aliyeuliza alikuwa mkubwa kidogo kuliko wenzake, na aliongea kama mtu wa kwetu, wa pwani hii hii.

Zaituni ndiye aliyejibu.

"Kuzika."

"Kumzika nani?"

"Baba yangu. Kafa shamba tangu jana. Huu nkeka wake."

Kwetu maiti hulazwa kwenye mkeka mpya, na mkeka wa maiti haufunguliwi njiani. Kijana yule alijua hilo kama tulivyojua sisi. Lakini aliutazama mkeka, na mkeka ulikuwa umeinama mbele kwa uzito. Akasimama. Akasogea. Akanyoosha mkono.

Hapo Rehema akaniuliza sikioni, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Babu kafa?"

Akaanza kulia. Alilia kama mtoto aliyefiwa, kwa kuwa kwa jinsi alivyoelewa yeye, alikuwa amefiwa. Alilia kwa mwili mzima mgongoni mwangu, akiita babu, babu.

Mkono wa kijana ulibaki hewani. Kisha akaushusha.

"Innaa lillahi," alisema. "Piteni."

Tukapita. Sikugeuka. Nilihesabu hatua mpaka nikapotea kwenye hesabu.

Tulipofika mbali Zaituni aliutua mkeka, akakaa chini, akamchukua Rehema mapajani. "Babu yupo, mwanangu," alimwambia. "Mama kasema uongo ili watuache. Babu anakuja. Umesikia? Anakuja." Rehema alichukua muda mrefu kuamini. Mwisho aliamini, akalala.

Tulifika kwenye kizuizi cha askari mchana. Kulikuwa na watu wengi wamepangwa foleni, na kila mzigo ulikuwa ukifunguliwa. Niliona ndoo zinamwagwa, mabegi yanakung'utwa. Hapakuwa na pa kurudi.

Askari kijana, jasho limemlowesha, aliukata mkeka kamba kwa kisu. Mkeka ukajifungua wenyewe.

Watu waliokuwa karibu nasi wakarudi nyuma wote kwa pamoja.

Unafikiri ni silaha gani hasa watu wa upande huu waliiogopa miaka ile? Si bunduki; ni panga, ambalo wale walichinjia watu. Na huu hapa upanga, mrefu, unang'aa, umejaa Kiarabu.

"De quem é isto?" Ni wa nani huu?

"Do capitão," nilisema. Kireno changu ni cha sokoni. "Capitão Alfredo. Zawadi. Presente."

"Que capitão? Mentira!" Kapitau gani? Uongo!

Wakanilaza kifudifudi. Mtutu ukagusa kisogo changu. Nilimsikia Zaituni akisema kwa Kiswahili, haraka haraka, habari yote, mpunga, bangili, uwanja wa mpira, na hakuna hata mmoja pale aliyemwelewa. Nilijikojolea. Sioni haya kuliandika.

Nilichoona kutoka mchangani ni buti tu. Buti za yule kijana zilikuwa zimejipanua. Alikuwa anauchomoa upanga.

Akavuta.

Akavuta tena, akaguna.

"Não sai," alisema. Hautoki.

Buti nyingine zikaja. Nadhani mmoja alishika ala na mwenzake akashika mpini, maana niliziona buti jozi mbili zikivutana mchangani, zikisogea huku na huku, mpaka mmoja akaanguka kwa matako. Mtu kwenye foleni akapaliwa na kicheko. Askari wa tatu akacheka waziwazi. Yule wa kisogoni kwangu akauliza kitu, nikaelewa nusu: huyu gaidi gani anayetembea na upanga usiotoka?

Mtutu ulikuwa bado pale, lakini haukuwa na uzito ule wa kwanza.

Kicheko kikamvuta mtu mwingine kutoka nyuma ya gari. Nilimsikia kabla ya kumwona. "Essa não sai!" alipiga kelele. "É a do nosso capitão! Essa nunca saiu!" Ni wa kapitau wetu, huo haujawahi kutoka!

Alikuwa Sarjento Tomé, mkono wake wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kiwikoni. Aliinama akanigeuza kwa mkono mzima.

"Mestre," aliniita, yaani fundi, "wiki tatu hukuutengeneza?"

Niliinuka nikacheka. Nilicheka mpaka nikalia, na nililia mpaka nikakaa chini tena. Askari kijana aliyekuwa ameanguka alinipa maji kwenye chupa yake. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale. Nilimkumbatia Zaituni mbele za watu, jambo ambalo kwetu halifanywi, na mimi nimelowa, na yeye hakunisukuma.

Tomé alitupitisha. Usiku ule tulilala karibu na ua, mamia ya watu ardhini, watoto wanakohoa, na nakuapia sijalala usingizi mzito kama ule tangu nizaliwe. Asubuhi Zaituni aliniletea chai nyekundu kwenye kopo.

"Leo nimeushukuru uvivu wako," alisema. "Lakini usizoee."

Mpaka leo hiyo ndiyo sifa kubwa aliyowahi kunipa.

Upanga alibaki nao Tomé. Nilimuuliza kapitau yuko wapi, nimwombe radhi kwa kuchelewesha kazi. Tomé alitazama bandeji yake, akasema bado wanamtafuta.

Siku ya tano alikuja jirani yetu kutoka mjini, amepita porini, miguu imevimba. Zaituni alimwuliza habari za baba yake. Jirani aliinamisha uso.

Watoto wote kumi walichukuliwa na wazee wao. Wa mwisho alichukuliwa jioni ileile ya Jumatano. Mwalimu alifunga mlango wa chuo, akaweka ufunguo mfukoni, akaanza kutufuata. Walimkuta njiani, mwisho wa mtaa. Watu waliosema wanapigania Kitabu walimuua mtu aliyewafundisha watoto wetu kukisoma. Zaituni alipowaambia wale vijana kwamba baba yake kafa tangu jana, alikuwa anasema kweli bila kujua.

Ilitubidi tumwambie Rehema mara ya pili. Safari hii hakulia. Alituangalia mmoja mmoja, mimi kisha mama yake, akasubiri tuseme tena kwamba ni uongo.

Tulikaa Pemba kwa muda mrefu kuliko tulivyodhani. Nilipata kibarua cha kutengeneza vitasa, kisha polepole nikaanza kufua tena. Hali ilipotulia tulirudi Palma. Nyumba ilikuwa imesimama, bati limetoboka, na fuawe langu lilikuwa pale pale kwa sababu lilikuwa zito kuibwa. Majirani walituonyesha kaburi la Mwalimu. Walimzika siku ya nne, upesi upesi, kwa shuka ya mlangoni. Mikeka haikupatikana.

Mimi nilikuwa na furaha ya kurudi, na sitaificha. Kila asubuhi niliamka nikajishika kisogo. Nilikuwa hai, mke wangu alikuwa akinisema, mtoto alikuwa akienda shule. Nilimwonea huruma kila aliyekosa hayo, na bado nilifurahi. Sijui kama hilo ni kosa. Zaituni hakufurahi namna yangu. Nyakati fulani, akichagua mchele, mikono yake ilisimama, na nilijua yuko kule kwenye lile gogo, anasema lile neno.

"Nilimfisha kwa mdomo wangu," aliniambia siku moja.

Nikamwambia asiseme hivyo, kwamba neno lake lilituokoa watatu. Akasema anajua. Akasema yote mawili anayajua.

Mwaka jana, saa za asubuhi, pikipiki ilisimama mbele ya baraza yangu. Alikuwa Tomé, hana tena sare, mkono wa kushoto umebaki mwembamba. Mgongoni alikuwa na kitu kirefu ndani ya gunia.

Kapitau Alfredo hakupatikana. Alibaki barabarani siku ile ya kwanza na askari wachache ili watu wapite, na baada ya hapo hakuna aliyemwona, mzima wala maiti. Kule kusini ana mama. Mama anadai apewe chochote. Tomé alikuwa ameuhifadhi upanga miaka yote hiyo, na sasa alikuwa anaupeleka.

"Nataka utoke, mestre," alisema. "Mama yake akivuta, utoke."

Safari hii sikuuweka chini ya meza. Nilivua pete tano za fedha, nikafungua mbao, nikakwangua ndani kidogo kidogo, nikapaka mafuta. Tomé alikaa barazani kutwa nzima, anakunywa chai ya Zaituni, anamwangalia Rehema akifanya kazi zake za shule. Alasiri nilimpa. Akauchomoa. Ulitoka bila kelele, bapa safi, halina hata doa la kutu. Akaurudisha polepole.

Nilimwuliza kama nifute herufi, niandike za kizungu, ili yule mama asiogope. Akaniuliza zimeandikwa nini. Miaka yote hiyo hakuwahi kujua. Nikamsomea aya, kisha nikageuza nikamsomea upande wa pili, maneno ya Mwalimu: "Kapitau Alfredo, aliyesimama juani."

Tomé alifuta macho kwa mkono wake mzima. "Deixa," alisema. Acha zilivyo. Nikamwandikia tafsiri kwenye karatasi aende nayo.

Alipotaka kuurudisha kwenye gunia, Zaituni alisema ngoja. Aliingia ndani akatoka na mkeka, ule ule, wenye alama ya kisu pale kamba ilipokatwa. Ulikwenda nasi Pemba ukarudi nasi, na hakuna aliyewahi kuulalia.

"Nkeka huu nishautaja kuwa wa maiti," alisema. "Haurudi kulaliwa. Baba yangu haukumfika. Mwambie huyo mama, kama hana cha kuzika, azike huu."

Nilimtafsiria Tomé. Alivua kofia.

Zaituni aliutandika mkeka barazani, akaulaza upanga katikati, akauviringisha taratibu. Akaufunga mara tatu, kichwani, kiunoni na miguuni, kama tunavyofunga sanda. Rehema alikuja bila kuitwa akaushika upande mmoja, na wote wawili wakamkabidhi Tomé.